Kutazama Kulia na Kushoto Hakutoshi: Mtoto Mwenye ADHD Barabarani



Kila aliyepita shule ya msingi hapa Tanzania anaijua kanuni ya kuvuka barabara. Simama ukingoni, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kama hakuna gari vuka. Tumeiimba, tumeichora kwenye kuta za madarasa, na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika watoto hupangwa mstari waikariri mbele ya mgeni rasmi. Sina ugomvi nayo. Nimekuja kuzungumza juu ya mtoto anayeijua kanuni hiyo, anayeifuata, na bado haimkingi.

Mwaka 2011 mtafiti Despina Stavrinos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto 78 wa umri wa miaka 7 hadi 10. Nusu walikuwa na ADHD, yaani hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kujizuia au kushikilia umakini, nusu hawakuwa nayo. Hakuna aliyepelekwa kwenye barabara ya kweli. Mtoto alisimama juu ya ukingo uliotengenezwa kwa mbao, mbele yake skrini zikionyesha magari yanayopita, na alipoona ni salama alishuka kana kwamba anavuka. Watafiti walipima mambo mengi: aligeuza kichwa mara ngapi, alisubiri muda gani, alichagua nafasi ya ukubwa gani kati ya gari moja na jingine, na alipomaliza kuvuka gari lilikuwa limebakiza muda gani kumfikia.

Wengi wetu tungebashiri kwamba mtoto mwenye ADHD hatazami, anakurupuka tu. Haikuwa hivyo. Pale ukingoni walitazama kulia na kushoto sawasawa na wenzao. Tofauti ilijitokeza hatua ya pili: waliingia katika nafasi finyu zaidi, na walipofika ng'ambo gari lilikuwa karibu nao zaidi kuliko lilivyokuwa kwa wenzao. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyekuwa akiwaangalia wakigeuza vichwa angewapa alama zote, huku baadhi yao wakiponea chupuchupu.

Miaka mitano kabla ya hapo, huko New Zealand, Julia Rucklidge na wenzake walikuwa wamewajaribu vijana wa miaka 13 hadi 17 kwa kifaa cha kuvaa kichwani kinachomwonyesha mtu barabara. New Zealand wanaendesha kushoto kama sisi. Vijana wenye ADHD waligongwa na magari ya kwenye kifaa mara mbili ya wenzao. Na hawakuwa wakikimbia! Walivuka kwa mwendo wa taratibu kuliko wenzao. Hili naomba tulitafakari, maana tumezoea kumfikiria mtoto mtukutu anayechomoka mbio bila kuangalia. Yupo huyo, simkatai. Lakini yupo pia yule anayetembea katikati ya lami akiwa na lake kichwani, na honi ikilia ndipo anashtuka na kusimama palepale alipo, mahali pabaya kuliko pote pa kusimama.

Sasa, kuvuka barabara ni kazi ya kichwa kabla ya kuwa ya miguu. Mtoto anakadiria gari liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani. Anayashikilia makadirio hayo akilini huku akigeukia upande wa pili na kukadiria upya. Anaizuia miguu isitangulie jibu. Halafu, jibu likipatikana, anaondoka mara moja, kwa sababu nafasi ya sasa hivi si nafasi ya sekunde moja baadaye. Kukadiria, kushikilia, kuzuia, kuanza kwa wakati: kazi hizi zinasimamiwa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, na ndizo zinazompa shida mtoto mwenye ADHD. Watafiti wa Alabama walipochambua takwimu zao waliona kwamba udhaifu katika usimamizi huo wa akili ndio uliochangia tofauti waliyoiona, kuliko utundu wenyewe.

Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake nchini Marekani walitumia picha za ubongo zilizopigwa kwa miaka kadhaa wakaonyesha kwamba gamba la nje la ubongo linafikia unene wake wa juu kabisa, kwa wastani, mtoto wa kawaida akiwa na miaka 7 na nusu, na mtoto mwenye ADHD akiwa na miaka 10 na nusu. Mwanasaikolojia Russell Barkley kwa upande wake hupenda kuwaambia wazazi watoe karibu asilimia 30 ya umri wa mtoto wanapoamua apewe jukumu gani. Hicho si kipimo cha maabara, ni mwongozo wa kukadiria tu, lakini kwa barabara unafaa sana. Mtoto wako wa miaka 10 anazungumza kama wa miaka 10, anacheza mpira kama wa miaka 10, na pengine hesabu zake zinakushinda wewe. Ukingoni mwa barabara mchukulie kama wa miaka 7. Ungemwacha mtoto wa miaka 7 avuke Barabara ya Morogoro peke yake?

Wazazi wenyewe hawahitaji picha za ubongo kulijua hili. Unamtuma dukani sukari na kiberiti, anarudi na sukari, chenji pungufu, na habari ndefu ya paka aliyemwona juu ya paa. Ukimuuliza kiberiti anakuangalia kama ndiyo kwanza analisikia neno hilo. Hakudanganya wala hakudharau. Agizo la pili lilidondoka njiani. Barabarani agizo linalodondoka ni lile la "lori la kulia bado linakuja".

Niseme kidogo juu ya hali yenyewe, kisha nirudi barabarani. ADHD haikuletwa na simu za mkononi. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London mwaka 1902 juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia na kutulia. Makadirio yanayotumika sana duniani ni watoto watano hivi katika kila mia. Chukueni darasa la wanafunzi 80, ambalo kwa shule zetu nyingi si ajabu: hapo wako kama wanne. Ili mtaalamu aseme kwamba mtoto anayo, dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni kwa mfano. Malalamiko ya mwalimu mmoja aliyechoka hayatoshi. Kwa sehemu kubwa inarithiwa. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo na kuwakuta baadhi yao na matatizo ya tabia, kutotulia kukiwemo, kwa hiyo katika nchi zetu kuna njia zaidi ya moja ya kufika huko. Malezi ya ovyo hayamo. Laana ya bibi upande wa baba haimo. Na msiwasahau wasichana: wengi wao hawarukiruki wala hawasumbui darasa, wamekaa dirishani kimya, na kwa kuwa hawamkeri mtu hakuna anayewapeleka popote. Barabara haitofautishi msichana mtulivu aliyezama mawazoni na mvulana anayeruka uzio.

Turudi barabarani, tupige hesabu. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Mtoto akitembea mita 1.2 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 6 kuimaliza. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo sheria yetu inairuhusu katika makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde 6 limekwenda mita 83. Kwa hiyo mtoto anatakiwa kuangalia gari lililo mbali karibu urefu wa uwanja wa mpira na kusema kwa uhakika kama linamfikia au halimfikii. Dereva akiwa kwenye 80, na mnajua kwamba wako wengi, ni mita 133. Mimi mtu mzima siwezi kukadiria hivyo kwa usahihi, ninachofanya ni kungoja mpaka pawe peupe. Kungoja mpaka pawe peupe ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mtoto huyu. Anangoja, anangoja, subira inaisha, na nafasi iliyokuwa mbaya dakika moja iliyopita inaanza kumpendeza.

Hapo bado nazungumzia barabara ya kwenye kitabu, ambako kila chombo kinashika upande wake. Kanuni ya kulia, kushoto, kulia inadhani magari ya upande wako wa karibu yanatoka kulia tu. Ndugu zangu wa bodaboda, mnisamehe, lakini mnajua mnakotokea. Mnatokea kushoto, kwenye upande usio wenu, na mnatokea nyuma, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mtoto aliyefundishwa kwamba akimaliza kugeuza kichwa mara tatu kazi imekwisha, amefundishwa nusu. Kwenye barabara yenye njia za mwendokasi katikati, kama Morogoro tangu mwaka 2016, anavuka magari ya kawaida yanayotoka kulia, kisha basi la upande mmoja, kisha basi la upande wa pili, kisha magari yanayotoka kushoto. Hayo ni maamuzi manne mfululizo, na kila moja linaanza wakati lile lililotangulia halijatoka kichwani.

Halafu kuna daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda hataki kujaza viti kwa nauli ndogo, kwa hiyo watoto wetu wamejifunza kwamba daladala likisimama ni kukimbia, kusukumana, kudandia. Kila mchana tunamfundisha mtoto asiyeweza kujizuia kwamba anayejizuia analala kituoni. Akishuka anapita mbele ya daladala hilohilo kuvuka. Hapo hata kanuni ikifuatwa kwa ukamilifu haimsaidii, kwa sababu akitazama kulia anaona bati. Gari linalolipita daladala halimwoni, naye halioni. Kama mtachukua jambo moja tu la kumfundisha mtoto baada ya leo, liwe hili: akishuka asivuke mpaka daladala liondoke. Kila daladala huondoka, konda hawezi kukaa. Anachohitaji mtoto ni kitu cha kufanya katika sekunde hizo. Mmoja anaweza kusoma kwa sauti maandishi ya nyuma ya daladala, mwingine akahesabu vidole mpaka kumi. Mtoto huyu hawezi kungoja huku mikono na macho yake havina kazi.

Kuna jambo la saa ambalo wazazi wa watoto wanaotumia dawa hawaambiwi vya kutosha. Methilifenideti ya kawaida, mojawapo ya dawa za ADHD, ile ya muda mfupi, inafanya kazi kwa saa nne hivi. Mtoto akimeza saa 1 asubuhi, kufikia saa 5 imekwisha nguvu. Darasani asubuhi anatulia, mwalimu anafurahi. Saa 8 au saa 9 mchana anatoka getini akiwa hana dawa mwilini, ana njaa, amechoka, na amezungukwa na wenzake mia nne wanaopiga kelele. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "dawa inamsaidia?" tu. Muulizeni: "Saa anazokuwa barabarani, itakuwa bado inafanya kazi?" Wala msiongeze dozi kwa uamuzi wenu. Dawa zenyewe zina faida inayojulikana. Denmark, Søren Dalsgaard na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa kumbukumbu za taifa zima wakaona kwamba watu wenye ADHD wana hatari ya kufa mapema karibu mara mbili ya wengine, ajali zikiwa ndicho chanzo kikubwa. Mwaka huohuo wakaonyesha kwamba watoto waliotibiwa kwa dawa walipungua kuumia. Ila wengi wa watoto ninaowazungumzia leo hawajawahi kumwona mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, kwa sababu huduma hiyo iko kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na mama yuko Mbagala na watoto wanne na genge la nyanya. Kwa hiyo nisiwe kama ninayewauzia dawa. Mengi ya kufanya hayahitaji cheti cha daktari.

Kufundisha kwanza. Mjini Glasgow, katika mtaa maskini wa Drumchapel, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Strathclyde alijaribu miaka ya 1990 kuwatoa watoto wa miaka 5 hadi 7 darasani na kuwafundishia ukingoni mwa barabara zao wenyewe, wawili au watatu kwa pamoja, walimu wakiwa ni wazazi wa kujitolea wa mtaa huohuo. Mpango huo uliitwa Kerbcraft. Haukulenga watoto wenye ADHD, lakini sijaona unaowafaa kuliko huo, kwa sababu haukutegemea kukariri. Watoto walitafuta wenyewe mahali salama pa kuvukia, wakarudia wiki baada ya wiki, mahali pa kweli, magari ya kweli yakipita.

Nyumbani unaweza kufanya hivyo bila kuunda mpango. Simama na mwanao mahali atakapovukia kila siku, si mahali pengine, mshike kifundo cha mkono, maana vidole huteleza, na msivuke. Cheza naye mchezo wa kubashiri. Gari likitokea muulize: "Hili tungewahi?" Ajibu, kisha mhesabu pamoja mpaka lifike. Atakosea sana mwanzoni, na kila akikosea akiwa mkononi mwako amejifunza kwa bei rahisi. Baadaye mwambie aseme kwa sauti anachokiona: "Kulia linakuja. Linapita. Kushoto boda. Imepita. Kulia hamna." Watu watamshangaa mtoto anayejisemea barabarani, waacheni washangae. Sauti inambakizia kile ambacho akili ingekidondosha. Vipindi viwe vifupi, vya dakika tano au kumi, siku nyingi. Somo la saa nzima siku ya Jumamosi halina faida kwake, na kwako litaishia kwenye ugomvi.

Halafu mpunguzieni maamuzi. Njia ndefu yenye kuvuka mara moja ni bora kuliko ya mkato yenye kuvuka mara tatu. Avukie mahali pamoja, palepale, kila siku ya Mungu, mpaka miguu ipajue. Na jamani, tusiwaite watoto wakiwa ng'ambo ya barabara! Mama yuko gengeni, anamwona mwanawe anatoka shule upande wa pili, anapaza sauti: "Juma, njoo unishike huyu mdogo wako!" Juma anakuja. Anakuja kwa sababu ameitwa na mama yake, na kwa dakika hiyo barabara haipo. Mfuate wewe. Vilevile tusimkabidhi mtoto huyu mkono wa mdogo wake wa darasa la kwanza eti kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Tukifanya hivyo tumewaweka wawili hatarini, na likitokea jambo tumembebesha mmoja wao mzigo wa maisha.

Juu ya fimbo nitasema kidogo, maana najua niko mbele ya wazazi na walimu. Mtoto aliyeponea chupuchupu akichapwa jioni, anachokumbuka ni fimbo na aliyeichapa. Muda umepita, barabara haipo mbele yake, na akili yake ni dhaifu hasa katika kuunganisha tendo la saa 8 na matokeo ya saa 1 usiku. Mrudishe palepale, wakati uleule, avuke tena vizuri akiwa na wewe, mara tatu, kisha msifu hapohapo. Sifa nayo ikichelewa haifiki.

Vijana wa bodaboda, nina matatu kwenu. Msiwabebe mshikaki, hili mnalijua na trafiki wanalijua. Mtoto asikae mbele juu ya tangi, akae nyuma, na helmeti iwe saizi yake, si yako. Na mzazi akikwambia kwamba huyu hatulii, usicheke ukasema "nitamtuliza". Mtoto anayegeuka ghafla kutazama gari la zimamoto anaweza kuwaangusha wote wawili. Ikiwezekana abebwe na mtu mmoja yuleyule siku zote, ambaye anamjua, anayesimama hadi ndani ya geti la shule na si ng'ambo ya barabara.

Mpaka hapa nimewapa kazi wazazi, na kama ningeishia hapa ningekuwa nimewadanganya. Zaidi ya nusu karne iliyopita, mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, aliwachunguza watoto wadogo barabarani kwa miaka mingi. Mwaka 1968 alichapisha kitabu ambacho hoja yake ni kwamba mtoto mdogo hawezi kugeuzwa akalingana na magari hata afundishwe vipi. Magari na barabara ndivyo vinavyopaswa kurekebishwa vilingane naye. Alikuwa akisema juu ya watoto wote. Kwa mtoto wetu huyu, ambaye ukomavu wake uko nyuma miaka miwili au mitatu, hoja hiyo ina uzito maradufu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani karibu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Haiwezekani wote hao hawakukariri kanuni.

Mfano wa kurekebisha barabara hatuna haja ya kuufuata Sweden. Uko Dar es Salaam. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limekuwa likichunguza maeneo ya shule ambazo watoto wao wanagongwa zaidi, kisha linajenga vitu vya kawaida kabisa: njia ya waenda kwa miguu, matuta, kivuko chenye mistari, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na mahali pengine geti jipya la shule linaloelekea barabara tulivu. Shule zilizofanyiwa hivyo zilipolinganishwa na ambazo bado, majeruhi walipungua kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Nalipenda lile geti kuliko vyote. Halimwombi mtoto chochote. Halimtaki akumbuke, asubiri wala akadirie, na linamfaa mwenye ADHD sawasawa na asiye nayo.

Ndiyo maana huwa napingana na watu wa mabango. Fedha ikipatikana, wa kwanza kufika ni mchoraji wa bango lenye nembo ya mfadhili. Tuta halina mahali pa kuweka nembo. Lakini gari kwenye kilomita 30 kwa saa linahitaji kama mita 13 kusimama kwenye lami kavu, dereva akiwa macho. Kwenye 50 linahitaji kama 28. Mtoto akitokea mita 20 mbele ya gari, tofauti ni hiyo tu. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka kikomo cha 30 mahali magari yanapochanganyika mara kwa mara na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na mimi sioni sababu ya eneo la shule yoyote hapa nchini kuwa na zaidi ya hapo.

Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu nayo yasitufariji sana. Yanamtaka mtoto apande ngazi, azunguke, ashuke, wakati anaiona nyumba yao palepale ng'ambo. Mtoto asiyeweza kungoja atapita chini. Na ule utaratibu wa kuwapa wanafunzi vibao wasimamishe magari, wengine hushauri apewe mtoto mwenye ADHD ili ajione wa maana. Ajione wa maana kwa kazi nyingine. Sipendi mtoto yeyote asimamishwe mbele ya lori. Kazi hiyo ni ya mtu mzima mwenye koti la kung'aa, na kamati ya shule ikishindwa kumlipa basi wazazi wapeane zamu.

Nimalizie na kazi ya wiki ijayo, ambayo haihitaji mfadhili. Mbele ya geti la shule pimeni mita 50 kando ya barabara, wekeni alama ya chokaa mwanzo na mwisho. Mtu mmoja asimame na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari linalopita alama hizo kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3.6, ni 50. Likitumia sekunde 3, ni 60. Andikeni magari hamsini mfululizo, bila kuchagua, kwenye daftari: saa, aina ya chombo, sekunde. Andikeni pia ni wapi hasa watoto wanavukia, maana mara nyingi si pale kivuko kilipochorwa. Barabara ikiwa ya mtaa au ya wilaya, barua iende TARURA. Ikiwa kuu au ya mkoa, iende TANROADS. Nakala kwa mkuu wa trafiki wa wilaya na kwa diwani. Msiandike kwamba watoto wanateseka, barua za namna hiyo wanazo nyingi. Ambatisheni kurasa za daftari. Na upimaji ufanyike saa 8 mchana watoto wanapotoka, kwa sababu asubuhi foleni huwapunguza madereva kasi wenyewe na takwimu zenu zitasema barabara ni salama.